Njia ya pili iko wapi? Niliyoyasema Muheza mbele ya walimu na wahasibu wa shule

Wale mliokosa kufika Jumamosi mmenijazia meseji mkitaka niweke hapa nilichosema, basi jana usiku nimekaa nimeandika yote kama nilivyoongea, nimeondoa tu pale tuliposimama kwa ajili ya chai na mihogo. Someni taratibu.

Ndugu zangu walimu wakuu, wahasibu, makatibu muhtasi, wajumbe wa kamati za shule, na nyie wazazi mliopanda bodaboda kutoka huko Amani mpaka hapa na mvua hii, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu hamjambo?

Nimeombwa niongelee TEHAMA kwenye usalama, kwenye mitandao, kwenye kufundisha na kwenye mawasiliano ya kazini. Ni mambo mapana, kila moja lingetosha siku nzima. Mimi ni fundi, miaka 15 sasa nalaza nyaya, nafunga ruta kwenye maofisi na kufufua kompyuta zilizokufa, na katika miaka yote hiyo nikiingia ofisi yoyote, kabla hata sijaomba paswodi ya waifai, swali langu la kwanza ni moja. Namuuliza mwenye ofisi: hii ikigoma leo, njia ya pili iko wapi? Wengi wananiangalia tu. Hawana. Na pale ambapo hamna njia ya pili ndo pale ambapo baada ya miezi kadhaa naitwa usiku watu wanalia.

Kwa hiyo leo nitawauliza swali hilohilo mpaka mchoke.

Nianze na mama yangu mdogo. Yuko Lushoto, anauza kabichi na karoti, anajumlisha na kupakia kwenye gari linalokwenda Dar. Siku hiyo alikuwa ameshaongea na dereva kwamba atamtumia nauli ya mzigo, anasubiri tu dereva amwambie atume kwenye laini ipi maana dereva ana laini tatu. Dakika hizohizo ikaingia meseji, "ile hela nitumie kwa namba hii, ile nyingine ina deni". Akatuma. Laki mbili na arobaini elfu. Nusu saa baadae dereva anapiga, anasema mama mbona kimya?

Sasa niwaulize, yule tapeli alimjua mama? Hakumjua. Alidukua simu yake? Wala. Alituma meseji ileile kwa watu wengi bila kumjua hata mmoja, akijua kwamba katika watu wengi hivo hatakosekana mmoja ambaye dakika hiyo anasubiri kutuma hela. Ada, kodi ya nyumba, mchango wa harusi, nauli ya mzigo. Nchi hii kila dakika kuna mtu anasubiri kumtumia mtu hela, na tapeli anavua kwenye bahari hiyo. Ndo maana meseji haina jina lako wala haitaji kiasi, kaiacha wazi makusudi ili wewe mwenyewe ujaze.

Dawa yake ilikuwa shilingi ngapi? Ilikuwa simu moja. Angempigia dereva kwenye namba aliyonayo siku zote, ile iliyoseviwa kwenye simu yake, na sikilizeni vizuri hapa, asiipige ile iliyoleta meseji, maana ukimpigia tapeli kwenye namba ya tapeli atakayepokea ni tapeli. Hiyo ndo njia ya pili. Habari ya hela ikija kwa njia moja, thibitisha kwa njia nyingine ambayo wewe umeichagua.

Mnasema hayo ni ya wauza kabichi? Hayahusu ofisi yenye mhasibu mwenye digrii? Haya.

Februari 2016, Benki Kuu ya Bangladesh. Benki Kuu jamani, ile inayotunza akiba ya nchi. Watu waliingia kwenye mfumo wao, na kwa mujibu wa wapelelezi wa Marekani walianza kutafuta upenyo mwaka mzima nyuma, kwa barua pepe za mtu aliyejifanya anaomba kazi, kaambatanisha wasifu wake, mfanyakazi akafungua. Barua ya kuomba kazi. Nyie makatibu muhtasi mnazipokea kila wiki. Wakakaa humo ndani kimya wakisoma jinsi kazi inavyofanyika, nani anaingia saa ngapi, anaandika nini. Halafu Alhamisi usiku, tarehe 4, wakatuma maagizo 35 kwenda benki ya New York ambako Bangladesh inaweka dola zake, wakitaka zitoke karibu dola milioni 951.

Kwa nini Alhamisi? Kwa sababu Bangladesh wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi. New York Ijumaa wako kazini wanalipa. Bangladesh wakirudi Jumapili, New York wamefunga. Na Jumatatu huko Ufilipino, hela zilikopelekwa, ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Mwizi alisoma kalenda kuliko mwenye mali! Hebu jiulizeni, shuleni kwenu hela za wazazi zinaingia lini kwa wingi, na mhasibu anasafiri lini?

Lakini kinachoniuma mimi kwenye hadithi hii ni printa. Benki ile ilikuwa na printa inayoprinti yenyewe kila muamala unaopita, usiku na mchana, ili asubuhi mtu asome karatasi aone nini kimetoka. Mnaona? Hiyo ilikuwa njia yao ya pili. Walikuwa nayo! Na wezi walijua, wakaharibu printa kwanza. Ijumaa asubuhi watu wakaikuta haifanyi kazi, wakasema aah, printa hizi ndo tabia yao. Ikakaa hivo. Mpaka waje kuiwasha na kusoma maswali ambayo benki ya New York ilikuwa imetuma kuuliza kuhusu malipo hayo, dola milioni 81 zilikuwa zimeshaingia Manila, na sehemu kubwa haijarudi mpaka leo.

Zingekwenda zaidi. Malipo mengine ya dola milioni 20 yalikwenda Sri Lanka kwa jina la taasisi moja, na mwizi akakosea herufi kwenye lile neno la taasisi, kuna benki iliyokuwa katikati ikaona herufi zimekaa vibaya, ikasimamisha na kuuliza. Mtu mmoja kuuliza tu, "hili neno mbona limeandikwa hivi?", milioni 20 zikaokoka. Nawaombeni sana wakuu wa shule, karani wako akikuuliza "mwalimu, hii invoisi mbona akaunti imebadilika?" usimkaripie. Usimwambie anachelewesha kazi. Huyo anayeuliza ndo anayelinda hela ya shule.

Na tusiishie kusema tumesikia. Niambieni nyie wahasibu mlioko hapa mbele, muuza madawati akituma meseji kwamba kabadilisha akaunti ya benki, nani anampigia? Kwa namba ipi? Kama jibu ni "inategemea", basi bado hakuna utaratibu. Andikeni leo kwenye daftari: akaunti ikibadilika hatulipi mpaka watu wawili wameongea kwa mdomo na mwenye akaunti, kwa namba iliyoko kwenye mkataba. Mistari miwili tu.

Niende kwenye kuhifadhi kazi, watu wanaita bakapu. Hapa nitawapeleka Ghana, na hii hadithi naipenda kwa sababu umeme kukatika ndo kuliokoa kampuni kubwa ya meli.

Mnaijua Maersk, kampuni ya meli za mizigo, makontena yao mnayaona kila siku kwenye malori pale Segera, yameandikwa jina kubwa. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kinaitwa NotPetya kiliwaingia, kilianzia kwenye programu ya uhasibu inayotumika Ukraine, yaani watu wame-apdeti programu ya kawaida ya kodi na kirusi kimo humohumo. Ndani ya muda mfupi kompyuta zinazimika moja baada ya nyingine, malori yamepanga foleni bandarini mageti hayafunguki, wafanyakazi wameanza kuwasiliana kwa WhatsApp kwenye simu zao binafsi kwa sababu imeili ya ofisi haipo.

Sasa kila kampuni kubwa ina sava, yaani kompyuta kuu, ambazo kazi yake ni kushika majina ya watumiaji wote na ruhusa zao, nani anaingia wapi. Bila hizo hata ukifufua kompyuta zingine hazijui nani ni nani. Maersk walikuwa nazo karibu 150, sehemu mbalimbali duniani, na walizipanga zinakiliana, kila moja ina nakala ya mwenzake. Walidhani 150 ni njia 150. Kumbe zote zimeunganishwa kwenye mtandao mmoja, na kirusi kikazifikia kwa pamoja. Zikafutika zote.

Ikabaki moja, Ghana. Kwa nini? Umeme ulikuwa umekatika kabla ya kirusi kufika, sava imezima, kwenye mtandao haipo. Kirusi kikapita kama mgeni aliyebisha hodi akakuta hamna mtu! Basi wakataka kuivuta ile data kwa intaneti mpaka Uingereza, wakaona kwa kasi ile itachukua siku nyingi. Wakasema mtu apande ndege na ile diski, yule wa Ghana hana viza ya Uingereza. Ikabidi aende nayo Nigeria, aikabidhi kwa mwenzake uwanjani, huyo ndo akaruka nayo London. Diski moja imebebwa mkononi, kampuni kubwa kuliko zote kwenye biashara ya makontena wakati ule inaisubiri. Baadae mwenyekiti wao alieleza walifunga upya sava 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi.

Mmeelewa nini hapo? Mwalimu wa taaluma aliyeweka matokeo kwenye kompyuta, na nakala kwenye fleshi, na fleshi imechomekwa kwenye kompyuta ileile siku zote, huyo ana nakala ngapi? (Ukumbi ulijibu: moja!) Moja. Kirusi kikiingia kinakula vyote, radi ikipiga inakula vyote, mwizi akija usiku anabeba vyote kwenye begi moja. Fleshi ichomoe. Ipeleke nyumbani, au kwa mkuu, kwenye kabati lingine, jengo lingine. Kila Ijumaa. Na mara moja kwa muhula ifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka kweli, maana nimekutana na ofisi wamehifadhi kwa uaminifu miaka mitatu, siku ya shida tunafungua fleshi, mafaili yote yapo majina yake, ndani matupu. Yule karani alilia mbele yangu. Alifanya alichoambiwa, ila hakuna aliyemwambia ajaribu.

Kwenye mitandao nipite haraka, ila mnakumbuka Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024? Mtandao ulizima, watu wakadhani bando limeisha, wakanunua lingine, na lenyewe halifanyi kitu. Kilichotokea ni kwamba kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika huko chini kusini, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti yetu haitoki angani kama wengi wanavyodhani, inapita kwenye nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, ndani ya kebo iliyolala chini ya bahari. SEACOM ilifika Dar mwaka 2009, kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti, bei yake wazee mlioendesha intaneti kafe mnaikumbuka. Sasa kusini kumekatika, je kaskazini si tungepita? Kaskazini kwenye Bahari ya Shamu SEACOM ilikuwa imeshaumia tangu Februari mwaka huohuo, kipindi ile meli ya Rubymar ilipopigwa na kombora ikawa inaburuta nanga. Yaani mlango wa mbele na wa nyuma kwa pamoja.

Wewe huwezi kulaza kebo baharini. Najua. Lakini ofisini kwako unaweza kuwa na laini za mitandao miwili tofauti badala ya mmoja, na unaweza kuwa na stakabadhi za karatasi kwenye droo ili mzazi aliyetoka Kicheba na ada yake siku mtandao umezima asirudishwe nayo nyumbani. Siku ile Jumapili tulipona kwa sababu ilikuwa Jumapili.

Elimu. Hapa ndo moyo wangu ulipo, mnivumilie nikae kidogo.

Mkoa wetu huu wa Tanga una historia ambayo wengi hapa hamuijui, na nasikitika kwamba dunia inaijua kuliko sisi. Kulikuwa na shindano kubwa la kimataifa, Global Learning XPRIZE, zawadi yake kubwa dola milioni 10. Wakatafuta mahali pa kujaribu programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu, wakaja Tanga. Vijiji karibu 170, watoto karibu 2,700, programu kwa Kiswahili, kwenye tableti, miezi 15. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kukaa darasani, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwaka 2019 wakatangaza washindi wawili wakagawana, onebillion na Kitkit School. Idadi ya wasiojua kusoma kabisa ilikuwa imepungua kwa nusu.

Nimesoma sana kuhusu jaribio lile, na nawaambia siri yake ni vitu viwili ambavyo havionekani kwenye picha za watoto wanaocheka na tableti. Cha kwanza, kila kitu kilikuwa ndani ya tableti. Hakuna kusubiri mtandao, hakuna bando. Cha pili, kila kijiji kilikuwa na kituo cha kuchajia kwa jua na mama wa kijijini palepale aliyekabidhiwa kazi ya kuangalia. Mama. Hakuwa mwalimu wa kompyuta, kazi yake ahakikishe zinachajiwa na watoto wanakuja.

Sasa linganisheni na hili. Kuna shule moja, jina naliacha, niliitwa mwaka fulani kuangalia kompyuta kumi walizopewa msaada. Nikafunguliwa chumba. Kompyuta zimefunikwa vitambaa vizuri vimedariziwa maua, sakafu imepigwa deki, popo darini. Nikauliza zimetumika lini? Mwalimu akanyamaza. Zilitumika siku ya makabidhiano, miaka minne nyuma, wakapiga picha, ufunguo ukachukuliwa, kwa sababu zikiharibika nani atalipa? Na huko darasani mwalimu anachora mausi ubaoni kwa chaki, watoto wananakili mchoro kwenye daftari, "hiki ni kitufe cha kushoto", na mtihani wanafaulu kuuchora!

Siwalaumu wale walimu. Waliogopa, na hofu yao ilikuwa na sababu, kitu cha serikali kikipotea mkononi mwako unakijua kitakachofuata. Lakini nawaambia kwa uchungu, kompyuta iliyofungiwa inakufa kwa uhakika kuliko inayotumika. Kati ya zile kumi, nne hazikuwaka, mende na unyevu vimemaliza. Sita zilizowaka tulizifanyia hivi: tukapachika kamusi, vitabu, mazoezi ya hesabu, video za majaribio ya sayansi, vyote ndani ya mashine moja, ruta ndogo inawagawia wengine humohumo chumbani bila intaneti. Ufunguo wakashika watu watatu, mmoja wao kiranja wa kidato cha tatu. Wanafunzi wakaunda zamu. Ndani ya muhula mmoja yule kiranja alikuwa anajua kubadilisha kebo kuliko mwalimu wa zamu, na sasa hivi tunavyoongea kijana huyo anafanya kazi na mimi, yuko pale nyuma amekaa kwenye meza.

Na mnakumbuka Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya corona, mpaka mwisho wa Juni watoto wako nyumbani. Mijini watu wakahangaika na video za mtandaoni. Huku kwetu kilichomfikia mtoto ni redio. Redio jamani, hii ya betri! Kwa hiyo mtu akija shuleni kwako na mradi wa kidijitali mwenye suti, mpokee vizuri, mpe maji ya kunywa, halafu muulize: umeme usipokuwepo inakuwaje? Bando likiisha inakuwaje? Wewe ukiondoka nani anabaki anajua? Akishindwa matatu hayo mwambie arudi akajipange.

Nimalizie na mawasiliano ya kazini, na hapa najua nitagusa watu.

Grupu la WhatsApp. Shule nzima imehamia humo. Ratiba humo, maagizo humo, rambirambi humo, picha za mahafali humo, maksi za wanafunzi humo, na mtu kaweka tangazo la magodoro humohumo. Agizo la saa tano usiku kwa sauti, dakika nne, mwalimu anakuja kuisikiliza asubuhi kwenye daladala, nusu ya maneno yamemezwa na muziki, halafu kikaoni anaulizwa "si tulisema kwenye grupu?" Tulisema. Ila kusema na kupokelewa ni vitu viwili.

Kuna shule, nayo naiacha jina, kazi zote za kwenye mifumo alizishika katibu muhtasi mmoja, dada mchapakazi kweli. Imeili ya shule kaifungua yeye, kwa laini yake binafsi, paswodi iko kichwani mwake. Akapata uhamisho, ghafla, akaenda. Laini ile akaja kuiacha, hakuitia vocha ikafungwa. Wakati wa kusajili watahiniwa ukafika, mfumo unataka kutuma namba ya uthibitisho kwenye imeili, imeili inataka kuthibitisha kwa namba ambayo haipo tena. Siku zimebaki chache. Watoto wa watu hao, miaka saba ya kusoma, usajili wao umening'inia kwenye laini ya simu iliyokufa. Mkuu alisafiri mpaka ofisi za wilaya mara tatu na barua mkononi, walifanikiwa siku ya mwisho jioni. Ile familia ya shule iliishi kwa maumivu wiki nzima, na kosa halikuwa la yule dada, alifanya kazi ya watu watatu bila kulipwa ya mmoja.

Kwa hiyo imeili ya shule iwe ya shule. Laini ya kuthibitishia iwe ya shule, imesajiliwa inavyotakiwa, inatiwa vocha kila mwezi. Paswodi iandikwe karatasini, iwekwe kwenye bahasha imefungwa na kusainiwa juu ya gundi, ikae kwenye kasha la mkuu, akihama mtu bahasha inafunguliwa inaandikwa mpya. Ni utaratibu wa zamani wa funguo za stoo, mnaujua wote. Na agizo lolote linalohusu hela au mtihani liandikwe, lisainiwe, libandikwe, hata kama limetangulia kwenye grupu.

Na maksi na namba za simu za wazazi na habari za mtoto mgonjwa, msiziweke kwenye grupu la watu 200. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na shule haikuachwa nje. Lakini hata kabla ya sheria, fikiria ni mwanao. Matokeo yake mabaya yanasomwa na kijiji kizima kabla hajafika nyumbani. Utamrudishaje darasani mtoto huyo?

Sasa nimeongea sana, na nimewaambia nitafanya kitu badala ya kuongea tu. Pale nyuma kuna meza mbili, ekstensheni za umeme zipo, nipo mimi na huyo kijana niliyewaambia na mwenzake mmoja. Kila mtu aje na simu yake. Tutafungua WhatsApp, mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, utaweka tarakimu sita zako ambazo si mwaka wako wa kuzaliwa, na utaweka imeili ya kukurudisha ukisahau. Ni dakika mbili. Yule anayekupigia na kusema "nimekutumia namba ya uthibitisho kwa bahati mbaya nisomee" hata ukijisahau ukamsomea, atakwama hapo. Halafu tutapiga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kuna watu hapa watakuta laini wasizozijua, msishtuke, tutawaelekeza pa kwenda. Na meseji za "tuma kwa namba hii" mlizonazo kwenye simu msizifute, ile namba ya kuripoti matapeli ni 15040, tutaziripoti pamoja hapahapa moja moja.

Tuanze na wahasibu. Mama, wewe wa kilemba cha bluu, ulisema paswodi yako umeibandika kwenye kioo cha kompyuta. Njoo wa kwanza.